Kodi ya Pango na Kodi ya Taifa: Tahakiki ya Kitabu cha Henry George

Wahakiki wetu wamezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na mashairi, na vitabu vya uchumi wakawaachia wachumi. Mazoea haya hayakosi sababu, lakini yana hasara. Kodi si jambo la mahesabu peke yake. Namna taifa linavyokusanya kodi huonyesha ni kitu gani linachokihesabu kuwa jasho la mtu, na ni kitu gani linachokihesabu kuwa haki ya wote; na hilo ni suala la utamaduni kabla ya kuwa suala la hazina. Kwa hiyo katika makala haya twakusudia kumwelekeza msomaji kwenye kitabu kimoja cha zamani kilichotetea mageuzi makubwa ya kodi, nacho kikapendwa na wafanyakazi wa kawaida kama kwamba ni hadithi. Kitabu chenyewe ni Progress and Poverty, yaani Maendeleo na Umaskini, cha Henry George wa Marekani, kilichotoka mwaka 1879. Twakisifu, na twaamini kuwa kinastahili kusomwa kwa Kiswahili. Lakini hatukisifu kwa macho yaliyofumbwa.

Henry George hakuwa mwanachuo. Alizaliwa Philadelphia mwaka 1839, akaacha shule angali mtoto, akafanya kazi ya ubaharia hadi Melbourne na Calcutta, kisha akawa mpanga chapa huko California. Umaskini hakusimuliwa. Mwaka 1865, mtoto wake wa pili alipozaliwa na nyumbani hamna chakula, alimsimamisha barabarani mtu asiyemjua akamwomba dola 5. Miaka michache baadaye, wakati reli ya kuvuka bara ilikuwa imekwisha kufika, alikuwa juu ya farasi karibu na mji wa Oakland, akamwuliza mpita njia bei ya ardhi ya pale. Yule mtu alimwonyesha ng'ombe waliokuwa wakilisha mbali sana, akasema kuwa huko yupo auzaye eka moja kwa dola 1,000. Ardhi ile ilikuwa malisho tu. Kilichoipandisha bei ni matumaini kwamba watu watakuja. Kutokana na jambo hilo ndipo alipoanza kuitafuta hoja ya kitabu chake, ambacho alikiandika kati ya mwaka 1877 na 1879. Wachapishaji walipokikataa, nakala 500 za kwanza zilichapwa kwa jitihada yake mwenyewe, na baadhi ya herufi alizipanga kwa mkono wake.

Swali la kitabu ni jepesi kulitamka. Kwa nini mahali penye mitambo mingi, majumba marefu na utajiri mkubwa ndipo penye umaskini mchungu zaidi? Wataalamu wengi wa zama zake, wakimfuata Malthus, walijibu kuwa watu wameongezeka kupita chakula. George anatumia sehemu nzima ya kitabu kulibomoa jibu hilo. Anawachukua watu wa India na Ireland, ambao njaa yao ilitajwa kila mara kuwa ushahidi wa wingi wa watu, na anaonyesha kuwa walikuwa na njaa kwa sababu walichokizalisha kilichukuliwa na wengine. Msomaji wa nchi iliyopata kutawaliwa hatashindwa kuufahamu ukweli huu, naye atashangaa kidogo kuukuta katika kitabu cha Mmarekani wa karne ya 19.

Jibu lake mwenyewe ni hili. Kadiri jamii inavyoendelea, ndivyo ardhi inavyopanda thamani, na aliyeishika ardhi hujitwalia ongezeko hilo kwa njia ya pango, pasipo kuongeza chochote katika kazi ya jamii. Dawa anayoitoa si kuwanyang'anya watu mashamba na viwanja. Mtu abaki na kiwanja chake, akiuze, akirithishe. Ila thamani ya ardhi yenyewe, mbali na jengo na mazao, ilipiwe kodi kila mwaka, hata pango lote liingie katika mfuko wa umma. Na kodi zote zinazoikalia kazi na biashara zifutwe.

Nguvu ya kitabu hiki haiko katika hoja tu. Iko pia katika fani. Mwandishi anaijua kazi ya mfano. Katika sehemu moja anamchukua mhamiaji wa kwanza kufika katika mbuga isiyo na mtu. Ardhi ni nyingi na njema, lakini mtu huyu ni maskini, maana hana jirani wa kumsaidia kuinua boriti. Anakuja wa pili, wa tatu; anakuja mhunzi, anakuja fundi; panakuwa na duka, kisha kijiji, hatimaye mji mkubwa. Udongo ni ule ule wa siku ya kwanza, lakini mwenye kipande kile sasa ni tajiri, na angekuwa tajiri vile vile hata kama angelala usingizi muda wote huo. Msomaji asiyejua neno moja la uchumi huifuata safari hii hatua kwa hatua, na anapofika mwisho huwa amekwisha kukubali hoja kabla hajaambiwa kuwa ni hoja.

Mfano mwingine ni mfupi zaidi, nao twauona kuwa bora kuliko yote. Muhammad Ali, mtawala wa Misri, alitoza kodi kwa kila mtende, na wakulima wakaikata mitende yao. Lakini kodi mara mbili ya hiyo ilipotozwa juu ya ardhi, asema George, jambo kama hilo halikutokea. Hapa pana kanuni nzima ya utozaji kodi. Ukikitoza kitu ambacho mtu amekifanya, atakifanya kidogo zaidi. Ardhi haikufanywa na mtu, na kuitoza hakuipunguzi.

Sisi hatuhitaji kwenda Misri kuutafuta mtende huo. Serikali ya Wajerumani ilianza kukusanya kodi ya nyumba katika nchi yetu mwaka 1898, na Waingereza wakaiendeleza kwa sheria ya kodi ya nyumba na kichwa ya mwaka 1922. Katika nchi za Afrika Mashariki zilizotozwa kodi ya namna hiyo, watu walijibanza wengi katika nyumba moja ili nyumba za kuhesabiwa zipungue. Shabaha ya kodi hiyo haikuwa fedha tu. Ilikuwa pia kumsukuma mwananchi akafanye kazi katika mashamba ya walowezi, maana fedha hakuwa nayo na kodi ilidaiwa. Tunapotaja sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, kodi hutajwa pamoja na kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Hata baada ya Uhuru, kodi ya kichwa iliendelea kuwa na sura ya mgambo alfajiri. Ilifutwa, ikarudi mwaka 1984 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikafutwa tena mwaka 2003. Taifa lenye kumbukumbu kama hizi huchelea neno kodi. Ndiyo sababu linahitaji kitabu kinachoitazama kodi kama suala la haki, wala si suala la kukimbizana.

Hapa yatupasa kusema jambo juu ya lugha. Katika lugha aliyoandikia George, malipo ya mpangaji kwa mwenye ardhi yana jina moja, na malipo ya raia kwa serikali yana jina jingine. Na kitabu kizima kimejengwa juu ya daraja la kuvuka kutoka jina la kwanza kwenda la pili. Katika Kiswahili yote mawili ni kodi. Mpangaji wa Manzese humlipa kodi mwenye nyumba, na mwenye duka huilipa kodi serikali. Mfasiri atalazimika kulitumia neno pango ili msomaji asipotee, lakini asijaribu kuuficha undugu huu. Hatusemi kuwa lugha yetu imethibitisha hoja ya George. Lugha haithibitishi hoja. Twasema kwamba mlipaji wa Kiswahili ameuhisi mzigo huo kuwa mmoja, na swali lililobaki kwake ni lile lile la kitabu: anayeupokea ni nani, na kwa haki gani?

Aidha, fikra iliyo chini ya kitabu hiki si ngeni kwetu. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza Waafrika wamilikishwe ardhi moja kwa moja kama bidhaa, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa. Humo alieleza kuwa ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, na kwamba aliyefyeka pori anayo haki juu ya jasho lake, wala si juu ya ardhi yenyewe. Mwaka 1963 umilikaji wa kudumu ulifutwa kwa sheria, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikakariri kuwa ardhi yote ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Basi lile ambalo George aliliomba bila kulipata nchini kwake, sisi tumekuwa nalo katika sheria kwa zaidi ya nusu karne.

Je, tumelipata na katika maisha? Hapo ndipo kitabu kinapotuuma. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, barabara na vituo vilijengwa kwa fedha ya umma, lakini aliyeshika kiwanja kando ya njia alipata faida bila kuinua tofali. Yeye hulipa kodi ya pango la ardhi, ni kweli, lakini kima chake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kiwanja. Tena, Agosti mwaka 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kwa njia ya umeme wa LUKU, na nyumba ya kawaida yenye mita moja ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, iwe Mbagala au Masaki. Njia hii ilikuwa rahisi kukusanyia, na urahisi ni sifa mojawapo ambayo George mwenyewe aliidai kwa kodi njema. Lakini kiwanja kitupu hakina mita. Aliyejenga alikatwa, aliyeacha majani yaote akingojea bei ipande hakuguswa. Huo ndio mtende wa Misri, nasi twaumwagilia maji upande usiofaa. Serikali inaweza kumiliki ardhi yote kwa jina, na mrija wa unyonyaji ukabaki mahali pake, ikiwa thamani ya ardhi inakwenda kwa mtu mmoja.

Baada ya kusema hayo, twataja na kasoro. Kwanza, George aliamini kuwa kodi moja ingetibu karibu kila ugonjwa wa jamii. Imani hii ilikipa kitabu moto wake, lakini inakipofusha; bepari mwenye kiwanda hapati kwake lawama inayomstahili. Pili, mwandishi aliyewatetea Wahindi na Waayalandi ndiye yule yule aliyeandika gazetini mwaka 1869 akiwapinga Wachina waliokuja California kutafuta kazi. Msomaji asifiche jambo hilo wala asilisamehe upesi. Tatu, kodi hiyo ikitozwa kwa mkono mzito, ingemkuta kwanza mtu tusiyetaka imkute. Tumfikirie mjane wa Kariakoo aliyerithi nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, wakati pande zote zimezungukwa na maghorofa. Kiwanja chake ni cha mamilioni, lakini mfukoni ana fedha ya sokoni tu. Kanuni ya George humwambia auze aondoke. Sisi twaona kuwa taifa linaweza kungoja: deni liandikwe, lilipwe siku kiwanja kitakapouzwa. Haki isiyojua kusubiri hugeuka kuwa mgambo mwingine.

Juu ya fidia, hata hivyo, hatuwezi kumlaumu. George alikataa wenye ardhi walipwe kwa kupoteza pango, akifananisha jambo hilo na kuwalipa mabwana wa watumwa. Watu wengi waliliona neno hili kuwa kali mno. Msomaji wa Zanzibar atakumbuka kuwa amri ya mwaka 1897, iliyoondoa uhalali wa utumwa visiwani, iliwaahidi fidia mabwana, si watumwa.

Mwaka huo huo wa 1897 George alifariki New York, siku chache kabla ya uchaguzi wa umeya aliokuwa akiugombea kwa mara ya pili. Mara ya kwanza, mwaka 1886, alikuwa wa pili, mbele ya Theodore Roosevelt. Kitabu chake hakikufa naye. Tolstoy alikitetea huko Urusi, na Sun Yat-sen akaichukua fikra yake huko China. Bajeti ya Uingereza ya mwaka 1909 iliingiza kodi juu ya thamani ya ardhi, na mabwana wa Baraza la Juu walipoikataa, ugomvi uliofuata ulikwisha kwa wao kupunguziwa mamlaka mwaka 1911. Jirani na kwetu, mjini Nairobi, kodi ya mji kwa miaka mingi ilikadiriwa kwa thamani ya kiwanja chenyewe bila kuhesabu jengo. Basi si ndoto ya mtu mmoja.

Twapendekeza kitabu hiki kifasiriwe, kwa Kiswahili cha watu na si cha ofisi, na kisomwe vyuoni, katika vyama vya wafanyakazi na katika mabaraza ya kata ambako migogoro ya viwanja husuluhishwa. Si lazima msomaji akubali dawa yake. Yatosha akikifunga kitabu, atoke nje, akitazame kiwanja kitupu cha mtaani kwake, na ajiulize ni nani aliyekipandisha bei.