Sauti Juu ya Picha: Filamu, Urafiki wa Mbali na Kiswahili cha Vijana wa Bunia

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuitazama sinema kama jirani mwenye makelele: husikika, lakini hakaribishwi barazani. Mambo mawili yanayompendeza sana kijana wa leo, yaani filamu na urafiki na watu walio mbali naye, yameachiwa wazazi, viongozi wa dini na wataalamu wa malezi. Makala hii inakusudia kuyarudisha mambo hayo katika uwanja wa uhakiki, kwa kuwa yote mawili ni matumizi ya lugha, na lugha yenyewe katika mahali tunapopashughulikia ni Kiswahili.

Tumeuchagua mji wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa sababu mbili. Kwanza, hapo Kiswahili ndicho wanachokutania Wahema, Walendu, Waaluri, Wabira, Wanyali na wengineo, ilhali Kifaransa kimeshika shule na ofisi. Kwa hiyo Kiswahili cha Bunia ni lugha inayosemwa sana na kuandikwa kwa uchache. Pili, vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003 viliufanya mji huo ujulikane ulimwenguni kwa picha za watoto waliobeba bunduki. Kijana wa Bunia ni mtazamaji wa picha, na pia ni mtu ambaye wengine wamekwisha kumtazama katika picha. Hali hizo mbili hazina budi kuhakikiwa pamoja.

2.0 Msimulizi wa Filamu kama Fanani

Filamu inapofikia hadhira isiyoijua lugha yake, mtu husimama kati ya picha na watazamaji. Jambo hili si geni Kongo. Katika zama za ukoloni wamisionari wa Kibelgiji walionyesha filamu hadharani, na maelezo yakatolewa kwa lugha za wenyeji. Padri Albert Van Haelst alitengeneza huko Kasai, katika miaka ya 1950, mfululizo wa vichekesho vya Matamata na Pilipili. Msimulizi wa wakati huo alikuwa mtumishi wa mwenye mashine: aliwekwa ili picha isieleweke vinginevyo.

Msimulizi wa kibanda cha video ni mtu wa namna nyingine. Huyu mkate wake hutoka kwa watazamaji. Akiwachosha, kesho hawarudi. Tanzania ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Kenya ina DJ Afro. Na Uganda, jirani wa karibu kabisa wa Ituri, imewatoa akina VJ Jingo, wanaosimulia kwa Kiganda. Mtaalamu wa Kijerumani Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa ya Lufufu na wenzake, aliipa makala yake kichwa chenye maana ya kuugeuza wali kuwa pilau. Mchele ni ule ule wa kigeni. Viungo ni vya mpishi wa hapa.

Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio la kijamii linalotawaliwa na mwingiliano wa fanani, hadhira, fani, mahali na wakati. Tukikichukua kigezo hicho na kuingia nacho kibandani, tutaona kwamba karibu kila kipengele kinapatikana. Fanani yupo. Hadhira ipo, nayo hucheka, huzomea na humjibu. Mahali na wakati vinajulikana. Tofauti kubwa imo katika fani. Mtambaji wa ngano aweza kuirefusha safari ya sungura kadiri hadhira inavyotaka. Msimulizi wa filamu hawezi kuirefusha hata kwa dakika moja, kwani picha haimngoji. Kwa sababu hiyo ustadi wake upo katika ufupi na upesi: methali iliyokatwa nusu, jina la utani linalomfanya mhusika wa Hong Kong awe mtu wa mtaani, jina la kijiji cha jirani likitajwa mahali pa jina la mji wa Marekani.

Mhakiki hapaswi kusifu tu. Usimulizi huu una udhaifu wake, nao ni wa kifani na wa kimaudhui. Msimulizi dhaifu huogopa kimya. Hueleza kabla picha haijasema, na hivyo humnyang'anya mtazamaji kazi ya kufikiri. Mhusika mwanamke naye mara kwa mara hugeuzwa chombo cha mzaha, hata pale filamu yenyewe ilipompa heshima. Aidha, usimulizi unaporekodiwa katika kanda au diski na kuuzwa, hadhira hupoteza haki yake ya kumjibu fanani. Kinachobaki ni sauti iliyokwisha kuamua lini watu wacheke. Filamu ya Uganda ya mwaka 2010 iitwayo Who Killed Captain Alex?, kazi ya Isaac Nabwana, inaonyesha njia nyingine. Ndani yake sauti ya msimulizi, VJ Emmie, imekuwa sehemu ya kazi yenyewe, ikiisifu na kuikejeli kwa wakati mmoja. Hapo msimulizi amepanda daraja kutoka kuwa mkalimani hadi kuwa mtunzi mwenza.

Filamu za Kitanzania nazo zimepata hadhira kubwa mashariki mwa Kongo, hasa katika enzi za Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012. Filamu hizi hazihitaji msimulizi, na kwa hiyo hufanya kazi tofauti: humletea kijana wa Bunia Kiswahili cha Dar es Salaam kikiwa katika vinywa vya watu wanaogombana, wanaopendana na wanaofiwa. Kwa kijana ambaye shule yake humfundisha kwa Kifaransa, hilo ni darasa la Kiswahili lisilo na mwalimu wala mtihani.

3.0 Hoja ya Maadili

Hoja inayosikika zaidi dhidi ya filamu ni kwamba huwafunza vijana ukatili. Hoja hiyo ina historia Kongo. Katika miaka ya 1950 vijana wa Kinshasa, wakati huo Léopoldville, walipenda filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani hata wakajiita Bill, kwa jina la Buffalo Bill, wakajitungia na lugha yao iliyoitwa Hindubill. Ch. Didier Gondola, katika kitabu chake cha mwaka 2016 juu ya vijana hao, haufichi ukatili wao, hasa dhidi ya wasichana; lakini anaonyesha pia kwamba walitafuta katika filamu namna ya kuwa wanaume mbele ya utawala uliowaita watoto. Nchini Sierra Leone, Paul Richards aliandika mwaka 1996 kwamba waasi walioipenda filamu ya Rambo ya mwaka 1982, First Blood, waliiona kama hadithi ya mtu aliyefukuzwa na jamii akalazimika kuishi msituni kwa akili zake. Kwa maneno mengine, filamu haikuwapa sababu ya kupigana. Iliwapa picha ya hali waliyokuwa nayo tayari.

Bunia inaidai hoja hii umakini zaidi. Tarehe 12 Februari 2003 ilirekodiwa video katika kambi ya mafunzo ya Rwampara, karibu na Bunia, ikimwonyesha Thomas Lubanga akiwatembelea makuruta. Video hiyo ilitumiwa katika kesi yake huko The Hague. Tarehe 14 Machi 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani kwa kuwaandikisha watoto walio chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani, na mwezi Julai mwaka huo ikampa kifungo cha miaka 14. Majaji waliutazama mkanda ili wapime umri wa watoto kwa macho.

Tuzingatie jambo hili. Watoto wale hawakupelekwa kambini na filamu. Walipelekwa na watu wazima wenye majina, vyeo na magari. Anayesema leo kwamba vijana wa Ituri wameharibiwa na sinema anapunguza, bila kukusudia, mzigo wa wale waliohukumiwa. Pamoja na hayo, haifai kuchukua msimamo wa pili uliokithiri na kudai kwamba picha haina nguvu yoyote. Bunduki katika filamu hupendeza kwa sababu haina harufu na aliyeuawa huonekana tena katika filamu nyingine. Mtazamaji ambaye ndugu yake hakurudi anaijua tofauti hiyo kuliko mhakiki yeyote, na msimulizi anayeshangilia kila risasi mbele ya hadhira ya namna hiyo ana la kujibu. Hapo uhakiki wa maadili una nafasi yake halali: unamwuliza fanani anachowafanyia wasikilizaji wake, badala ya kuwalaumu wasikilizaji kwa kupenda hadithi.

Neno moja la Kiswahili cha Kongo limesafiri mbali kutokana na vita hivyo na vile vya 1996 na 1997 vilivyovitangulia: kadogo, yaani askari mtoto. Katika Kiswahili cha Kongo kiambishi ka- ni cha udogo wa kawaida, na wingi wake ni tu-: katoto, tutoto. Ni kiambishi cha mapenzi ya nyumbani. Vita vilikichukua kiambishi cha mama na kukivika sare. Yeyote anayeitafiti lugha ya vijana wa Bunia na asiulize namna gani wanakirudisha kiambishi hicho nyumbani, ameliacha swali kubwa.

4.0 Urafiki wa Mbali na Maandishi Mapya

Urafiki wa mbali haukuanza na simu za mkononi. Afrika Mashariki imekuwa na marafiki wa kalamu waliotafutana kupitia magazeti, na vipindi vya salamu vya redio ambamo mtu wa Kigoma aliwasalimu watu wa Mombasa asiowajua ila kwa majina. Facebook na WhatsApp zimeirithi desturi hiyo na kuiongezea kasi.

Kwa Ituri, hata hivyo, neno "mbali" lina maana ya pekee. Mapigano yalipozuka upya mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018, maelfu ya watu walilivuka Ziwa Albert kuingia Uganda, wengi wakafikishwa katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Rafiki wa mtandaoni, basi, mara nyingine si mgeni hata kidogo. Ni yule aliyekaa dawati moja nawe mwaka juzi. Anayedai kwamba urafiki huu ni wa uongo kwa kuwa watu hawaonani, awaulize kwanza kwa nini hawaonani.

Kwa mtazamo wa kiisimu, matokeo yake ni makubwa. Kiswahili kilichokuwa cha mdomo sasa kinaandikwa kila siku na vijana, bila mhariri. Nico Nassenstein na Gerrit Dimmendaal walichapisha mwaka 2019 makala kuhusu Kiswahili cha Bunia. Kabla ya hapo lahaja za Kongo zilizochunguzwa sana zilikuwa za Lubumbashi, ambako tamthilia za kundi la Mufwankolo zilishughulikiwa na Walter Schicho na Johannes Fabian. Tuseme kijana wa Bunia anamwandikia mwenzake wa mtaani kuhusu filamu. Ataandika "batoto" na "batu", atatumia "masolo" kwa maana ya mazungumzo na "leta" kwa maana ya dola, na msomaji wake hatashangaa. Usiku huo huo anamwandikia rafiki wa Mwanza aliyempata kwa sababu wote wawili wanampenda mwigizaji mmoja. Sasa ataandika "watoto" na "watu", kwa namna alivyosikia katika filamu. Kijana huyo ana mitindo miwili na anajua wakati wa kila mmoja. Huo ni umahiri, na twalimu zetu za rejesta zingemtambua mara moja kama angekuwa mhusika katika riwaya.

Lakini kuna gharama. Rafiki wa Mwanza akimcheka kwa "batoto" yake, kijana atajifunza kwamba bei ya urafiki ni kuificha lugha ya nyumbani. Kiswahili Sanifu nacho hutumia ka- kwa kudogosha, ila mara nyingi kwa dharau au mzaha. Basi "katoto" iliyoandikwa kwa upendo Bunia yaweza kusomwa kama tusi Mwanza. Kutoelewana kwa namna hiyo ni kazi yetu, walimu wa Kiswahili, tuliowafundisha wanafunzi kwamba kisicho sanifu ni kosa.

Haifai pia kuupamba mtandao. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa Agosti 2018 hadi Juni 2020 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, uvumi ulisambaa upesi kuliko maelezo ya waganga. Maneno ya chuki kati ya makabila husafiri kwa njia zile zile zinazobeba salamu. Na uzi huu hukatwa kwa amri: tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilifunga intaneti nchini kote kwa takriban siku 20. Urafiki unaotegemea idhini ya wakubwa ni urafiki dhaifu, ingawa udhaifu huo hautokani na marafiki wenyewe.

5.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba filamu na urafiki wa mbali, kwa kijana wa Bunia, ni shughuli mbili za lugha moja: katika ya kwanza anasikiliza Kiswahili kilichowekwa juu ya picha za wengine, na katika ya pili anaandika chake. Uhakiki unaoishia kwenye malalamiko juu ya maadili hauwezi kuiona njia hiyo ya kutoka usikivu hadi uandishi.

Kazi iliyo mbele inajulikana. Usimulizi wa filamu urekodiwe kibandani, pamoja na vicheko na majibu ya hadhira, kabla wasimulizi wa kizazi hiki hawajanyamaza. Chuo Kikuu cha Bunia na Chuo Kikuu cha Shalom, vilivyomo mjini humo humo, vinastahili kushirikishwa kama watafiti wenza na vyuo vya Dar es Salaam na Nairobi. Nayo maandishi ya vijana yasomwe, kwa ridhaa yao, kama tunavyosoma barua za watunzi. Kijana aliyezaliwa Bunia mwaka 2003 amekwisha kuvuka miaka 20. Kwa muda mrefu ulimwengu umeitazama picha ya kizazi kilichomtangulia. Umefika wakati wa kuyasoma maneno yake.