Adui Anapogeuka Stelingi

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua sheria moja: stelingi hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, mwisho wa picha utamwona. Picha za Kimarekani za muuaji mwenye kisu zimeipindua sheria hiyo. Humo asiyekufa ni adui. Vijana wanaokimbizwa hubadilishwa kila toleo kama soksi, muuaji anabaki, na kinyago chake ndicho kinachowekwa kwenye bango.

Naandika riwaya, ndiyo maana jambo hili linanikera. Wenzangu waliousoma mswada wangu wanataka nimfufue jambazi niliyemuua katika sura ya mwisho. Kabla ya kuwajibu, nikaamua kuzichunguza picha za Halloween, ambazo mpaka mwaka 2022 zilishafika 13.

Ya kwanza ilitoka mwaka 1978, mwongozaji ni John Carpenter. Mtoto wa miaka 6, Michael Myers, anamuua dada yake. Miaka 15 baadaye anatoroka hospitalini, anarudi mjini kwao na kuanza kuwavizia wasichana. Kwa nini? Hatuambiwi. Kinyago chenyewe kilikuwa cha dukani tu, sura ya mwigizaji William Shatner iliyopakwa rangi nyeupe. Mwishoni daktari anamtandika risasi 6, anaanguka kutoka ghorofani. Wanachungulia chini, hayupo! Kisha tunaonyeshwa vyumba vitupu huku mtu anahema. Basi, imekwisha. Wengine wataona hadithi imekatwa njiani. Mimi nauona huo kuwa mwisho kamili, kwa sababu hofu unaondoka nayo mwenyewe.

Mwaka 1981 ikaja ya 2, na Carpenter mwenyewe alishiriki kuiandika pamoja na Debra Hill. Humo tunaambiwa kwamba Laurie, yule msichana aliyenusurika, kumbe ni mdogo wake Michael. Jamani! Muuaji asiye na sababu anaweza kugonga mlango wa yeyote. Akishakuwa na ugomvi wa kifamilia, wewe usiye wa ukoo ule unalala usingizi wako.

Mwaka 1982 walijaribu kumwacha Michael kabisa. Halloween ya 3 ilileta hadithi mpya, ya vinyago vinavyoua watoto. Watazamaji wakanuna, na mwaka 1988 Michael akarudishwa. Kwa hiyo lawama zote tusiwatupie wenye kampuni. Sisi tunaolipa kiingilio tunadai kilekile, halafu tunatoka tukilalamika kwamba ni kilekile. Jason naye ni hivyohivyo. Picha ya 4 ya Friday the 13th, ya mwaka 1984, iliitwa eti ndiyo sura ya mwisho. Mwaka uliofuata ikatoka ya 5.

Mtu ataniuliza, mbona Willy Gamba wa Elvis Musiba alirudi kitabu baada ya kitabu na tukampenda? Alirudi, lakini Gamba ni mpelelezi. Kazi mpya inamletea maadui wapya, naye kuwa hai hakumpunguzii kitu. Muuaji wa gizani mtaji wake ni siri. Kila akirudi, mwandishi analazimika kutumia kidogo ya siri ile: leo dada, kesho laana, mpaka mfuko unabaki mtupu.

Mwaka 2018 watengenezaji wapya waliamua kuyasahau yote yaliyotokea baada ya picha ya kwanza, na ule undugu wakaufuta. Hebu piga hesabu: miaka 37 kuondoa maelezo ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Kwa hiyo jambazi wangu hafufuki. Wenzangu watanuna kama watazamaji wa mwaka 1982, nami sina uhakika kwamba hadithi ninayoianza sasa itawafurahisha zaidi. Ila angalau ni mpya.