Ile "picha ya mwanga" ni grafu yenye rangi nzuri

Kila baada ya muda picha hii inarudi. Safari hii nimeikuta hapa Mbalibali, kwenye grupu la WhatsApp la walimu wa fizikia, na maelezo yaleyale: eti ni picha ya kwanza ya mwanga ukiwa wimbi na chembe kwa wakati mmoja. Pengine na wewe umeshaisambaza. Ilitoka mwaka 2015 kwa kundi la Fabrizio Carbone wa EPFL, Lausanne, Uswisi. Kazi yenyewe ni kali kweli. Ninachogombana nacho ni maelezo.

Walichukua waya wa fedha mwembamba kuliko unywele mara mamia, wakaupiga kwa leza. Mwanga ukashikamana na elektroni za fedha, ukawa wimbi linalokimbia juu ya waya na kurudi kila likifika mwisho. Fikiria uzi wa ritungu: umefungwa huku na huku, ukiupiga kuna sehemu zinacheza sana na nyingine zimetulia. Hadubini ya kawaida haiwezi kuonyesha haya, maana inakwama kwenye nanomita 200 hivi. Ndiyo maana wakarusha elektroni zipite kando ya waya. Elektroni ina volti-elektroni laki moja au mbili; ikipita inapokea au inatoa moja na ushee, au mafungu kadhaa ya kiasi hicho, na mashine inapima tofauti hiyo. Hapo mimi navua kofia.

Sasa itazame picha upya. Mhimili mmoja ni urefu wa waya. Wa pili si upana! Ni nishati ya elektroni. Kwa hiyo ni grafu, na rangi zimewekwa na kompyuta. Mwanafunzi wa kidato cha nne akiona zile nundu anadhani ndizo fotoni. Hakuna fotoni hata moja iliyopigwa picha pale.

Na kuna zito zaidi. Zile ngazi za nishati zinazoitwa ushahidi wa chembe unazipata kwenye hesabu hata ukichukulia mwanga kuwa wimbi tupu. Kwonta inatoka kwa elektroni. Kundi la Ahmed Zewail, Mmisri aliyekuwa Caltech, lilionyesha njia hii ya upimaji mwaka 2009, na hesabu zake zikafuata 2010. Kwa hiyo kichwa cha habari kilidai kisichokuwepo, kikaficha kilichokuwepo.

Kilichofichwa kinatuhusu. Dhahabu ya Nyamongo ni ya njano, lakini ule mstari mwekundu kwenye kipimo cha haraka cha malaria pale zahanati kwa kawaida ni dhahabu pia, chembe za makumi ya nanomita. Wekundu wake unatokana na mtikisiko uleule wa mwanga na elektroni juu ya metali. Mwalimu, ukiipokea tena, futa maelezo uandike: "Jinsi elektroni zilivyobadilishana nishati na mwanga kwenye waya wa fedha." Haitapata laiki nyingi.