Maungio ya Futi ya Kukunja

Kabla ya futi kamba kuenea, seremala wa Uingereza au Marekani alitembea na futi ya mbao ya vipande vinne. Ikinyooshwa ilifika futi 2. Ikikunjwa ilibaki inchi 6 na kuingia mfuko wa aproni. Kukata mbao vipande vinne ni kazi ya dakika chache. Ugumu ulikuwa kuvirudisha kwenye mstari ule ule kila siku, maana ungio likilegea unywele mmoja, kipimo kimehama.

Mbao yenyewe ilichaguliwa kwa makini. Watengenezaji John Rabone & Sons wa Birmingham na Stanley wa New Britain, Connecticut, walitegemea mbao za mti wa Buxus: ngumu, nyuzi zimebanana, hazichezi sana na unyevu, na rangi yake ya manjano hafifu huzionyesha vizuri alama nyeusi.

Maungio yalikuwa matatu. La katikati lilifunguka kama bikari. Mawili ya pembeni yalikunjika kama jalada la kitabu. Mabamba ya shaba ya manjano yalizamishwa ndani ya mbao yakapigwa ribiti mpaka kidole kisihisi kingo. Ungio la katikati halikuwa na kufuli: lilikazwa kwa msuguano tu. Likizeeka, futi hulegea na kupinda.

Jibu jingine lilitoka Maikammer, Ujerumani. Mwaka 1886 ndugu Anton na Franz Ullrich walipata hataza ya ungio lenye springi: kipande kikinyooka, springi hutumbukia mahali pake na kukishika. Ndiyo maana futi ya mita 2 yenye vipande kumi huweza kunyooshwa hewani kufikia dari bila kulegea. Gharama yake ni kwamba vipande hupandana, hivyo ukiilaza juu ya ubao haikai bapa yote. Kipande kimoja hugusa, kinachofuata kimeinuka.

Ukiokota futi ya vipande vinne kwenye sanduku la vifaa vya babu, usianzie kwenye ncha, kwani ndiyo iliyolika zaidi. Anzia mstari wa inchi 1, kisha utoe 1 kwenye jibu. Na uisimamishe kwa ubavu, alama ziguse ubao. Ukiilaza, unene wake huziinua alama, na jicho likitazama kwa mshazari husoma namba ya jirani.