Majani ya Mahenge na Neno “Msitu”

Mwaka 2004 Bonnie Jacobs na Patrick Herendeen walitoa utafiti juu ya visukuku vya majani vilivyochimbuliwa Mahenge, katika eneo la Singida, Tanzania. Majani hayo yalianguka katika ziwa dogo lililojaa shimo la volkeno, yakafunikwa na tope laini, miaka ipatayo milioni 46 iliyopita. Wanadai kuwa uoto wa hapo haukuwa msitu mzito wa mvua, bali uoto wa nchi kavu uliotawaliwa na miti ya jamii ya mikunde, nao wanaulinganisha na miombo. Kwa msomaji wa Lubumbashi, mji uliozungukwa na miombo, dai hilo si la mbali.

Msingi wa hoja ni umbo la jani: aghalabu mvua ipunguapo, majani nayo huwa madogo. Jacobs alikwisha kupima uhusiano huo katika uoto wa Afrika ya leo (1999), na hapo ndipo penye nguvu ya utafiti, kwani kipimo hakikuazimwa Ulaya. Tena chavua ya miti ya miombo huchukuliwa na wadudu, nayo huachwa haba katika matope ya maziwa. Atazamaye chavua peke yake aweza asiione miombo kabisa. Walakini majani mengi ya mikunde yamegawanyika vipande vidogo vidogo kwa asili yake. Je, udogo huo watokana na ukame, au ni urithi wa ukoo tu? Kadirio la mvua halina budi kupokewa kwa hadhari.

Taabu kubwa zaidi humpata mfasiri. Akiandika kuwa Mahenge palikuwa na “msitu mkavu”, msomaji wa Katanga atapotea, maana huku *mushitu* ni miti iliyosongamana penye maji, kandokando ya mito. Miti mizito ya nchi kavu, isiyopukutika majani yote, huitwa *muhulu*. Na ile inayopenyeza mwangaza hadi kwenye nyasi ni *miombo*. Maneno matatu, uoto wa namna tatu. Kiswahili sanifu kikiyafunika yote kwa neno moja, matokeo ya utafiti yanafutika.

Nayo si mabishano ya kamusi tu. Wako wataalamu wa mimea walioshikilia kwamba miombo ya Katanga ni mabaki ya muhulu ulioteketezwa kwa shoka na moto. Hivyo mchoma makala wa leo huonekana mrithi wa uharibifu wa kale. Mahenge hapakuwa na binadamu. Ikiwa uoto wa namna hiyo uliweza kusimama pasipo mkono wake, basi kuwako kwa miombo peke yake hakuwezi kuwa ushahidi dhidi yake. Hata hivyo, kufanana kwa umbo si nasaba: majani ya Singida hayasemi ni lini miombo ilifika Katanga.