Hukumu ya Siku Hiyohiyo

Mkate wa kumimina husifiwa kwa ladha, na anayeusifu hivyo hakosei: mchele uliolala majini usiku kucha, tui zito, sukari na iliki vikikutana na moto wa makaa havihitaji wakili. Sifa ninayokusudia kuitoa hapa ni ya aina nyingine. Nadai kwamba kuoka nyumbani, na hasa kuoka mkate huu ambao watu wa Unguja, Pemba na Mombasa huutambua kwa harufu tu kutoka barazani, ni mojawapo ya shule chache ambamo mtu mzima bado anajifunza kuamua. Kisa chake si subira; subira tumekwisha kuibandika kwenye kila kitu kinachochukua muda, hata foleni ya benki. Kisa ni kwamba mkate unatoa hukumu siku hiyohiyo, mbele ya aliyeuoka, na hukumu yenyewe haihongeki.

Ugumu unaanzia kwenye mchele. Unga wa ngano una protini ambazo zikikandwa kwa maji hufanya nyuzi zinazovutika, ziitwazo gluteni, na nyuzi hizo ndizo zinazoifungia hewa ya hamira ndani ya donge. Ndiyo maana anayekanda ngano anaweza kufidia mengi kwa nguvu za mkono. Mchele hauna gluteni. Kinachoizuia hewa ni uzito wa rojo: ikiwa nyepesi, hewa hupanda na kupotea, ikiwa nzito mno, haijinyanyui. Kukazana hakusaidii kitu. Upo wakati ambapo rojo imeumuka na juu imejaa povu, na huo ndio wakati wa kumimina. Ukiwahi unapata mkate mzito, ukichelewa rojo inachacha na kushuka. Wakati huo hauna saa maalumu. Hamira ni kiumbe hai, na katika majira yetu joto likiongezeka nyuzi chache tu nayo huongeza mwendo, kwa hiyo rojo ileile huwa tayari upesi katika joto la kaskazi na kukawia wakati wa kipupwe. Mwokaji anayefuata saa ya Julai ilhali yuko Februari atakula mkate wake kwa kijiko.

Kisha moto. Sufuria hupakwa samli au mafuta na kupashwa kwanza, ndipo rojo inapomiminwa, ianze kushika tangu pembeni. Baadaye hufunikwa kwa bati au sinia, makaa yakapaliwa juu, na ya chini yakapunguzwa. Mpangilio huu una sababu zake. Hewa iliyomo ndani ya rojo hutanuka kwa joto na kuunyanyua mkate. Hamira yenyewe hufa joto linapokaribia nyuzi 60 za Selsiasi, na wanga wa mchele huanza kushikana kwenye nyuzi 70 hivi. Kabla ya wanga kushika, kilichomo sufuriani ni povu tu lililosimama kwa hisani ya joto. Anayefunua kuchungulia wakati huo huliruhusu joto kutoka, na povu hukaa chini lisiinuke tena. Hakuna kuongeza chumvi baadaye, hakuna kurudisha jikoni kama mchuzi. Mkate ukikatwa husema wenyewe. Vitundu vilivyosimama wima kutoka chini hadi juu ni ushahidi kwamba rojo ilimiminwa kwa wakati wake na chombo kilikuwa cha moto. Tabaka zito chini, lililoshikana kama sabuni, ni ushahidi wa kinyume chake. Mkate uliobonyea katikati, mkate ulioungua juu ukabaki mbichi ndani, kila mmoja una mshtakiwa wake, na mshtakiwa hana wa kumsingizia, kwa kuwa mchele aliuchagua yeye na makaa aliyapalia yeye.

Sasa linganisha na maamuzi yanayotuumiza vichwa. Mzazi anampeleka mtoto shule ya bweni akiwa na miaka saba. Kama alifanya vema atajua, pengine, mtoto akiwa na ishirini na tano, na hata hapo hatajua ni shule au ni mjomba au ni tabia ya mtoto mwenyewe. Mkuu wa ofisi anamwajiri mtu kwa sababu alijieleza vizuri kwenye usaili. Mwaka unapita, idara inafanya vizuri, naye anajipongeza kwa jicho lake kali, ingawa kazi yote ilifanywa na karani ambaye hakuna aliyemsaili kwa miaka kumi. Katika mambo haya mtu anaweza kukosea maisha yake yote na akazeeka akiamini ana busara. Mwaka 2009 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Gary Klein, waliokuwa wakijulikana kwa misimamo tofauti kuhusu kama hisia za mtaalamu ni za kuaminiwa, walichapisha makala ya pamoja iliyoonyesha kwamba tofauti yao si kubwa. Hisia za mtaalamu huaminika, walieleza, pale mazingira yanapokuwa na utaratibu unaoweza kujifunzwa, na mtu akapata nafasi ya kujifunza kwa majibu ya wazi na ya haraka. Nje ya hapo, ujasiri wa mtaalamu si ushahidi wa ujuzi wake. Ukiyatafuta masharti hayo mawili nyumbani, utayakuta jikoni mapema kuliko sebuleni. Na gharama yake ni ndogo: kibaba cha mchele na nazi moja au mbili.

Msomaji mkali ataniambia kwamba mtoto si mkate. Kweli. Wapo waokaji wenye jicho kali kwa rojo na wasioona lolote kwa mtoto wao aliyekaa nao meza moja, na watafiti haohao wawili wangekuwa wa kwanza kusema kwamba ujuzi wa uwanja mmoja hauhamii uwanja mwingine. Sidai kwamba anayejua kumimina anajua kulea. Ninachodai ni kidogo zaidi, na nadhani kinatosha. Aliyezoea kuhukumiwa na mkate wake anajua hali fulani ambayo mwenye cheo anaweza asiijue kamwe: hali ya kuwa na hakika kabisa, na kuwa umekosea kabisa, ndani ya jioni moja. Hali hiyo ikimkuta mtu mara nyingi, humwachia swali. Kabla ya kusema "nina uhakika", hujiuliza ni dalili gani ingemwonyesha kwamba sivyo. Swali hilo linaweza kubebwa hadi kwenye kikao cha familia au cha kazi, hata kama ujuzi wa hamira utabaki jikoni.

Wengine watasema mizani na kipimajoto vinamaliza hadithi yote. Vipimo si vya kubezwa, wala havikuletwa pwani na vitabu vya mapishi. Kibaba kilikuwapo, na vibaba vinne vikafanya pishi, zamani kabla ya gramu kufika dukani. Anayepima mchele wake anajua kosa la leo halikutoka kwenye mchele, na hilo ni msaada mkubwa. Lakini mizani hupima kilichowekwa juu yake. Haipimi unyevu wa mchele uliolowekwa muda mrefu kuliko jana, wala uzito wa tui la nazi iliyokomaa ukilinganisha na la nazi changa. Kipimo kizuri hupunguza idadi ya mambo ya kuamua ili jicho libaki na yale machache ambayo kweli yanahitaji jicho. Mwokaji anayetumia mizani na bado anaitazama rojo yake hajausaliti ufundi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba sifa hizi zote zinaimbwa juu ya migongo ya wanawake. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wosia wa mama kwa binti. Wosia wa jikoni nao umekuwa wa mama kwa binti kwa karne nyingi, na ni rahisi kwa anayekula kuuita shule wakati anayepika anauita kazi ya pili isiyo na mshahara. Sina jibu la kuliondoa hilo, ila kuona kwamba tatizo liko kwenye ugawaji. Mkate wa mofa umeokwa na wanaume kwenye matanuri kwa muda mrefu bila hadhi yao kupungua. Ikiwa kweli ni shule, basi kuwazuilia wavulana nje ya mlango wake ni hasara yao, na ni hasara ya wale watakaoongozwa nao baadaye.

Na moshi je? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya majumbani, ambao kwa sehemu kubwa hutokana na nishati ya kupikia, ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, na mkakati wa Tanzania uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sioni sababu ya kuyalilia makaa. Ovena ya umeme ina moto wa juu na wa chini, na mkate huu hutoka humo vizuri kabisa, japo wazee watakuambia harufu si ileile, na kwa hilo tu wako sahihi. Kinachoondoka ni swali moja, la kiasi cha makaa ya kupalia. Rojo bado haitasema yenyewe kwamba iko tayari, na kitufe cha ovena hakijui kama leo ni kaskazi au kipupwe.