Mgao Ndio Unaoua Betri ya Risasi

Ingia duka la vifaa vya sola Kariakoo, useme unataka betri ya kuhimili umeme ukikatika. Utaonyeshwa mbili: ya risasi ya ampea-saa 200, ambayo kuitoa dukani kunataka watu wawili, na ya lithiamu ya ampea-saa 100, ambayo mtu mmoja anaibeba kwa mkono. Ya lithiamu ni ghali zaidi na namba yake ni nusu ya mwenzake, kwa hiyo mnunuzi anaondoka na ya risasi. Hesabu hiyo ina walakini.

Volti 12 mara ampea-saa 200 ni wati-saa 2,400. Lakini risasi ikizoeshwa kushushwa chini ya nusu huchakaa upesi, hivyo anayetaka idumu ajihesabie 1,200 tu. Lithiamu ya aina ya LiFePO4, maandishi unayoyakuta ubavuni mwa betri nyingi za majumbani, ina volti 12.8. Mara 100 ni 1,280, na asilimia 80 au 90 ya hizo unazitumia bila wasiwasi. Pengo lililobaki ni dogo. Tena ile 200 kwa kawaida hupimwa betri ikitoa umeme taratibu kwa saa 20. Ukiibana itoe wote ndani ya saa mbili, hupati 200.

Wengi hudhani inveta inawalindia betri. Inveta nyingi za volti 12 huzima volti zikishuka karibu na 10.5. Sasa, betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma 12.7 hivi, na ikiwa nusu, 12.1. Inayosoma 10.5 imekwisha kabisa. Inveta imejilinda yenyewe.

Hata hivyo, kwa mazingira yetu naona kinachoziua zaidi ni kutojazwa. Betri ya risasi ikitoa umeme, sahani zake hushika utando wa sulfeti. Ikichajiwa hadi kujaa, utando huo huondoka. Ikikaa nusu-nusu siku nyingi, utando hugeuka fuwele ngumu zisizotoka tena, na uwezo wa betri huenda nazo. Na kuijaza hakuna njia ya mkato. Ikiwa nusu, chaja ya ampea 20 huifikisha asilimia 80 kwa saa tatu na ushee. Asilimia 20 zilizobaki zinaweza kutaka saa nyingine nne au zaidi, maana kadiri inavyokaribia kujaa ndivyo inavyopokea kidogo kidogo, kama daladala ya jioni inavyopakia abiria wa mwisho.

Ipeleke hesabu hiyo kwenye mgao, kama ule wa Tanzania wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024. Tuseme umeme unarudi saa kumi jioni na kukatika tena saa mbili usiku. Saa nne hazitoshi. Usiku unaanza na betri isiyojaa, kesho yake inaanzia chini zaidi, na baada ya miezi kadhaa mwenye nyumba analalamika kwamba kauziwa feki. Feki zipo, sikatai, ila hata betri halali isingepona. Halafu kuna joto: kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata maisha ya risasi karibu nusu, nasi tunaisokomeza chini ya ngazi pasipopita hewa.

Lithiamu haina shida na kubaki nusu. Saa nne zile zile kwa ampea 20 zinairudishia ampea-saa 80, yaani karibu zote ilizotumia jana.

Ina visa vyake, lakini. Volti zake hazisogei sana mpaka inapokaribia kwisha, hivyo mita ya volti haikuambii umebakiwa na kiasi gani. Bodi ya ulinzi iliyomo ndani hukata ghafla, giza, bila hata mlio. Na chaja nyingine zina hatua ya kusafisha sahani za risasi kwa kupandisha volti zaidi ya 15. Fundi asipoizima kabla ya kuunganisha lithiamu, bodi itakata, na kama bodi ni ya ubabaishaji, seli zitaharibika.

Risasi inasifiwa pia kwamba ikifa inauzika kama chakavu, kwa kilo. Ni kweli, lakini lazima kuna mahali inakoyeyushwa. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwasumisha wakazi kwa risasi, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Ofisi ambayo umeme hukatika mara moja kwa mwezi, tena kwa nusu saa, ningeishauri ibaki na risasi. Betri itashinda imejaa, na hakuna haja ya kulipia mizunguko 3,000 ya lithiamu ya kujazwa na kutumika ambayo haitafikiwa. Waangalie tu wasiuziwe betri ya gari iliyobandikwa stika ya sola: sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, na kuishusha hadi chini mara kadhaa tu kunaimaliza.